Jiwe la Yona

Magesa alipotea mwezi wa tatu mwaka sabini na tano, masika yakiwa yamekaza na mto Ruaha umemeza kingo zake. Yeye na mdogo wake Seni walikuwa wamepeleka ng'ombe malishoni ng'ambo ya mto, mwendo wa siku nzima kutoka kijijini kwao jirani na Rujewa. Siku ya tisa Seni alirudi na ng'ombe, amepungua mtamba mmoja mwekundu. Kaka yake hakuwa naye.

"Tuliachana kabla ya mto," alimwambia Mbuke, mke wa Magesa, fimbo bado mkononi. "Yule mtamba alitorokea porini, kaka akamfuata. Akaniambia nitangulie na wengine."

Mbuke alingoja siku tatu. Siku ya nne alijifunga kanga kiunoni, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya wanaume, akaenda nao mwenyewe. Wiki mbili walipekua matete na visiwa vya nyasi, wakiita. Hawakuona mtu, hawakuona ng'ombe, hawakuona hata kipande cha shuka. Maji yalipita mbele yao mazito, rangi ya udongo, hayana habari na mtu.

Baada ya mwezi maneno yakaanza. Kuna dereva wa lori alimwona mtu anayefanana na Magesa pale Tunduma. Kuna mwingine alisikia kwamba amevuka kwenda Zambia, ameoa huko, anauza ngozi. Mbuke aliyasikia kisimani na kwenye mashine ya mpunga, na kila alipouliza yametoka wapi, hakuna aliyejua.

Yeye hakuyaamini hata siku moja. Magesa alikuwa amemtoa kandokando ya Ziwa Viktoria, akaswaga ng'ombe mwezi mzima hadi Usangu huku amembeba mtoto wao wa kwanza mabegani. Mtu wa namna hiyo haendi kuuza ngozi Zambia bila kuchukua hata blanketi lake. Magesa alikuwa amekufa, na alikuwa mtoni. Mbuke alilijua jambo hilo kama anavyojua njia ya kwenda shambani kwake.

Akamwomba Seni waweke matanga. Seni sasa ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo pale, na neno lake ndilo lililosimama.

"Nani amekufa?" Seni akauliza.

"Kaka yako."

"Umeuona mwili, shemeji? Kaburi lisilo na mtu ni mdomo wazi. Litadai wa kuujaza. Una watoto watatu, unataka lianze na nani?"

Basi mwaka ukaisha pasipo kilio. Wanawake waliokuwa wakija kumpa pole waliacha, kwa sababu pole ya nini? Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, mwaka mmoja tu tangu watu wapangwe kwa mistari na kila nyumba ipewe namba, na makaburi yake yalikuwa hayajafika kumi. La Magesa halikuwamo.

Januari ya mwaka uliofuata macho ya Mbuke yalizidi kuuma. Alikuwa na vikope tangu usichana, kope zimepinda kwa ndani na kukwaruza mboni, na sasa hata jua la asubuhi hakuweza kulitazama. Aliwaacha watoto kwa jirani yake Tekla, mke wa katekista, akapanda basi kwenda hospitali ya misheni huko Iringa. Walimpasua. Alikaa wodini wiki tatu, nusu ya siku hizo macho yakiwa yamefungwa bendeji, akisikia baridi ya Iringa ikipenya dirishani na viatu vya masista vikipita sakafuni.

Siku bendeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona sawasawa kilikuwa kalenda ukutani, kwenye chumba cha kufungia vidonda. Mwaka wake ulikuwa umekwisha, ila ilikuwa bado imetundikwa kwa sababu ya picha. Picha ilionyesha kitu cheupe, kirefu, kimejaa watu.

"Sista," Mbuke aliuliza, "hawa watu wamesongamana hivi wanagombania nini?"

Sista Benedicta alikuwa Mbena mnene mwenye sauti nzito na mikono myepesi. Akacheka. "Hawagombani, mama. Hilo ni jeneza. Jeneza la jiwe, la Wakristo wa zamani sana kule Roma. Hawakutaka kumlaza mtu wao ndani ya jiwe tupu, wakalichonga miujiza."

Akamwonyesha mmoja mmoja kwa ncha ya mkasi. Hapa Yesu anagusa vikapu vya mikate kwa fimbo. Hapa Lazaro amesimama kwenye mlango wa kaburi lililo kama kijumba, amezongwa sanda kama mtoto mchanga. Musa anapiga mwamba na watu wanakinga maji kwa viganja. Na huyu mfupi, Yesu amemwekea kidole jichoni, ni kipofu.

"Huyo ni wewe," Sista akasema.

Lakini Mbuke alikuwa ameshaangalia pembeni. Kulikuwa na chombo cha majini chenye watu watatu. Mmoja alikuwa amemshika mwenzao wa nne miguu na kumtupa kichwa chini, na majini palimngoja mnyama mwenye shingo ndefu na mkia uliojisokota. Mbele kidogo mnyama yule yule alikuwa akimtapika mtu. Na juu yake, kwenye mwamba, mtu huyo alikuwa amejinyoosha uchi chini ya mmea uliozaa vibuyu, amelala, mkono mmoja ameutupa juu ya kichwa.

Mbuke akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Magesa alilala hivyo. Miaka kumi na mbili alilala hivyo, mkono juu ya kichwa, na Mbuke alikuwa akiusukuma kila mara ulipomwangukia usoni.

"Huyu ni nani?"

"Nabii Yona. Alimezwa na samaki, akakaa tumboni siku tatu, Mungu akamtoa."

"Na yule aliyezikwa ndani ya jeneza, naye alitoka?"

"Bado," alijibu Sista, kama mtu aliyeulizwa iwapo basi limefika. "Anangoja siku ya mwisho, kama sisi sote."

"Kwa hiyo waliochonga hawakuwa wanasubiri mtu wao aje jioni kula."

"Hapana, mama. Walijua amekufa. Usingemchongea mtu kaburi kama bado unamwekea chakula."

Mbuke alifikiri. "Na kama mtu amechukuliwa na maji, hakuna wa kulazwa humo?"

Mkasi wa Sista Benedicta ukatulia. Alimwangalia mgonjwa wake, yale macho mekundu yaliyokataa kupepesa, kisha akasema taratibu, "Yona naye alichukuliwa na maji."

Siku ya kuruhusiwa, Sista aliitoa ile kalenda msumarini, akaikunja ndani ya kipande cha shuka la hospitali, akampa.

Basi liliposimama njia panda ya Rujewa, Mbuke hakushuka. Alilipa tena, akaendelea hadi Mbeya, kwa sababu dada mmoja aliyeketi karibu naye alimwambia kwamba Iyunga, kando ya barabara kuu, yupo fundi wa mawe ya makaburi. Alimkuta mchana, chini ya bati, amezungukwa na misalaba isiyo na majina. Aliitwa Alinanuswe, Mnyakyusa wa Kyela, kitambo kidogo tangu aachane na reli, ambako kwa miaka mitatu alichonga mawe ya kuta za madaraja bega kwa bega na Wachina.

Alikunjua kalenda juu ya gogo, akaiangalia sana.

"Mama, hii kazi si ya kwangu. Misalaba naijua. Herufi nazijua. Njiwa namjua. Mtu sijachonga."

"Njiwa ulijifunza kwa nani?"

"Nilimwangalia njiwa."

"Basi watu wamejaa barabarani hapo," Mbuke akasema. "Waangalie."

Alinanuswe akacheka bila kutaka. Akaiinamia tena picha. "Huyu mnyama ndiye samaki? Huyu hajawahi kuwa samaki. Aliyechonga hakumwona."

"Sista alisema ni samaki."

"Basi na mimi nitachonga ninayemjua. Nitaweka mamba."

"Usiweke mamba!" Mbuke alisema kwa haraka hata fundi akainua uso. "Ukiweka mamba, kule kwetu watauliza nani alimtuma. Watatafuta mchawi, na watamtafuta karibu. Weka kamongo."

Fundi hakumjua kamongo. Mbuke akaokota kijiti, akachora vumbini: mwili mrefu kama wa nyoka, mapezi membamba kama kamba, mdomo mpana. "Yuko kwetu ziwani. Kiangazi kikija anajizika kwenye tope, tope linakauka juu yake linakuwa kama sakafu. Unaweza kulima juu yake usijue. Mvua ikinyesha anatoka, anaogelea kwenda zake."

Alinanuswe alichuchumaa, akaufuata mchoro kwa kidole. Malori mawili yakapita.

"Huyo," alisema hatimaye. "Huyo nitamweza."

Walikubaliana. Angechonga bamba moja la jiwe la Songwe, jiwe jeupe la manjano kidogo, urefu wa mtu aliyelala, lisimamishwe mbele ya kaburi. Lingebeba picha tatu za Yona, basi. Ujira ungekuwa mtamba. Na kwa vile fundi hakuwa na msaidizi, Mbuke angekuja mwenyewe kusugua jiwe kwa mchanga na maji.

Nyumbani alimkuta Seni zizini. Hakuzunguka, alimweleza yote akiwa amesimama.

"Unataka kuniletea balaa mlangoni," Seni alisema. Alikuwa amekonda mwaka ule. Mashavu yamebonyea, na hata alipokasirika hakumtazama mtu machoni. "Siruhusu. Hakuna ng'ombe wa ukoo atakayetoka hapa kwenda kulipia jiwe."

"Mtamba ni wa kwangu. Mama yake nilipewa na baba yangu, na wewe ulikuwepo."

"Shemeji, hao watu wa Tunduma..."

"Hao watu wa Tunduma walete jina la dereva," Mbuke akamkata. "Mwaka mzima nauliza jina la dereva. Sikuja kuomba ruhusa, shemeji. Nimekuja kukuarifu."

Kesho yake alfajiri alimfunga mtamba kamba, akawaaga Tekla na watoto, akashika njia. Kutoka Rujewa hadi Iyunga ni mbali hata kwa basi. Mbuke alimswaga mnyama kwa miguu siku tano, kandokando ya barabara, amejitanda kitambaa cheusi chepesi usoni macho yasipigwe na vumbi. Alilala kwenye nyumba za watu asiowajua, akaeleza anakokwenda, na wengine walimwonea huruma, wengine walimwona amechanganyikiwa. Kwenye mwinuko wa mwisho mtamba aligoma. Mbuke aliketi naye kando ya barabara, akamtafunia muwa, akamngoja. Walipoinuka tena, ni mtamba aliyetangulia.

Kazi ilichukua wiki saba. Mke wa Alinanuswe alimpa kona ya jikoni alale. Asubuhi fundi alishika tindo na nyundo, na Mbuke alifuata nyuma yake na mchanga mwembamba, kitambaa na ndoo ya maji, akisugua palipokwisha kuchongwa hadi ngozi ya vidole ikawa laini kama ya mtoto. Fundi aliwaangalia watu kweli. Alimwita muuza mkaa akamlaza chini, mkono juu ya kichwa, akampima kwa kamba. Chombo alikigeuza mtumbwi wa Ziwa Nyasa. Baharia wa kwanza aliinama na kushika miguu ya Yona. Wa pili alimshika bega. Wa tatu alisimama nyuma, ameinua mikono yote miwili mbinguni, kama ilivyokuwa kwenye kalenda.

Wiki ya nne tindo liligonga mahali penye tundu ndani ya jiwe, na goti la Yona aliyelala likaruka kama kipande cha chumvi. Alinanuswe alitupa nyundo. Alisema amelaaniwa, alisema tangu mwanzo hakutaka, na alikwenda kuketi barabarani. Mbuke aliokota kile kipande, akajaribu kukirudisha, hakikushika. Basi akachota mchanga, akaanza kupasugua palipovunjika mpaka pakawa pa mviringo. Fundi aliporudi jioni, alikuta mtu mwenye goti lililokunjwa zaidi kidogo, amelala vizuri tu.

"Ndaga," fundi alimshukuru kwa lugha yake, akinong'ona. Akaokota nyundo.

Seni alikuja siku za mwisho za kazi. Alikuwa amepanda lori kutoka Rujewa, na maneno alikuwa ameyapanga njiani, maana alianza kuyasema kabla hajafika chini ya bati: kwamba Mbuke ameuaibisha ukoo, kwamba watoto wanalelewa na jirani kama yatima, kwamba ataondoka naye leo hii hii. Mbuke alikuwa amepiga magoti, anasafisha vumbi. Hakuinuka. Alijisogeza tu upande, na Seni akaliona jiwe.

Maneno yakamwishia katikati.

Alikuwa akiangalia mtumbwi, yule mtu aliyeshikwa miguu, kichwa chake kikielekea kwenye maji. Uso wa Seni ukawa wa majivu.

"Nani amekwambia?" akauliza.

Mbuke alishika kitambaa chake kilichokuwa kikidondosha maji. Akajua asiseme neno lolote ila moja.

"Sema."

"Sikumtupa! Wamekudanganya, sikumshika!" Seni alirudi nyuma hatua moja. "Tulikuwa tumeshavuka. Wote. Yule mtamba akabaki ng'ambo, analia. Kaka akasema tumwache, maji yanapanda, tutamfuata kesho. Mimi... Mtamba alikuwa wangu, shemeji. Nilimwambia anaogopa maji kama mwanamke. Mbele ya ng'ombe, mbele ya Mungu, nikamcheka. Akavua shuka, akavua viatu, akaingia. Alimfikia. Alikuwa amemshika mkia, wanarudi wote wawili. Kisha gogo likaja."

Alinanuswe aliweka tindo chini polepole lisitoe sauti.

"Na Tunduma?" Mbuke akauliza.

"Ni mimi. Nilisema kilabuni, mara moja tu. Wengine wakaendeleza. Nilisema mpaka kuna siku niliamini. Nikisikia mbwa wanabweka, nadhani ndiye anakuja."

Mbuke alitamani kumpiga. Aliokota jiwe la kusugulia lililokuwa kando ya ndoo, na kwa muda aliuhisi uzito wake. Mwaka mzima alikuwa amesimama peke yake mbele ya kijiji, akisema mume wangu amekufa, na mtu mmoja aliyejua kwamba ni kweli alikuwa akila ugali wake na kumwita shemeji. Akaliweka jiwe ndani ya ndoo.

"Fundi," Seni aliomba, "waondoe hao. Hao watu wa mtumbwini. Wapasue, nitaleta ng'ombe wawili."

Alinanuswe alimwangalia Mbuke. Mbuke akatikisa kichwa.

"Watabaki."

"Mimi ni Mmoravian," Alinanuswe akasema, akijikuna kichwa kama mtu anayeingilia ya watu, "na kile kitabu nimekisoma. Hao mabaharia hawakuwa wabaya. Walipiga makasia sana wamrudishe nchi kavu, wakashindwa. Walimtupa huku wanaomba wasihesabiwe damu yake."

Mbuke akamgeukia Seni. "Wewe ulipiga makasia?"

Seni aligeuzia uso barabarani. "Sikuingia majini," alisema. "Nilisimama. Nilikimbia kandokando naita jina lake, lakini sikuingia."

"Nguo zake ziko wapi?"

"Ghalani kwangu. Juu, ndani ya nyasi za paa."

"Utazileta," Mbuke akasema. "Shuka na viatu vyote viwili. Na jiwe hili utalibeba wewe, mbele, usimwachie mtu mwingine. Likishasimama, utasema mbele ya watu kama ulivyosema hapa. Usipunguze. Hata ile ya kumcheka, uiseme."

"Wataniua."

"Hawatakuua. Nitakuwa nimesimama hapo."

Seni aliketi chini penye vumbi la jiwe, akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu, na watu waliopita barabarani wakageuza shingo. Mbuke hakumbembeleza. Alichota maji mengine, akarudi kwenye kazi yake, kwa sababu mkia wa kamongo ulikuwa bado una makovu ya tindo.

Jiwe lilisafiri wiki mbili kabla ya Pasaka, kwenye lori la Bipin, mwenye duka na mashine ya kukoboa mpunga pale Rujewa, lililokuwa likirudi tupu kutoka Mbeya. Bipin aliwahi kununua mpunga wa Magesa kila mwaka. Alipoambiwa mzigo ni wa nini, aliondoa magunia yaliyobaki, akatandika majani makavu mwenyewe, na akamwambia dereva akimwona anakimbiza gari atamfukuza. Alinanuswe alisafiri juu, ameukumbatia ukingo wa bamba kama mama aliyeshika mtoto.

Walihitajika wanaume sita kulishusha. Seni alishika mbele, upande wa chini ambako uzito wote huangukia, na alipojikwaa, mwenzake akataka kumpokea, alikataa. Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba ya Mbuke. Ndani walilaza shuka jekundu lililonuka moshi wa ghala, na viatu viwili vya tairi, kimoja kando ya kingine. Katekista, mume wa Tekla, akasoma. Bamba likasimamishwa.

Watu walisogea kulitazama. Watoto walimgusa kamongo mdomoni na kuondoa mkono haraka. Wazee waliotoka ziwani walimtambua mara moja, wakaambizana, wakaguna. Kisha Seni akasimama mbele ya mtumbwi wa jiwe na akasema.

Alisema yote. Alipofika mahali pa kicheko, sauti ilikatika, na Mbuke akamngoja, na kijiji kizima kikangoja, mpaka akakisema. Manung'uniko yakapanda kama maji yanayochemka. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba afukuzwe leo hii, arudi alikotoka. Mwingine akainua fimbo. Mbuke akapita katikati, akasimama kati ya fimbo na shemeji yake.

"Mume wangu amezikwa leo," alisema. "Leo ni siku yake, si siku ya Seni. Atakayepiga mtu hapa, amepiga kwenye kaburi la Magesa."

Mzee mmoja wa kijiji akamuuliza Mbuke anataka alipwe nini.

"Ng'ombe sitaki. Atanilimia. Misimu mitatu, mashamba yangu kabla ya yake, kwa mikono yake mwenyewe. Na watoto wangu hawatarithiwa na mtu, wala mimi. Tutakaa kwenye nyumba yetu."

Wazee walinong'onezana, wakakubali. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu wa mwaka uliopita, Tekla alimshika Mbuke mabega akamwambia pole, na wanawake wote wakaja nyuma yake, pole, pole mama, pole sana, na Mbuke, aliyekuwa ameswaga ng'ombe siku tano bila kulia na kusugua jiwe wiki saba bila kulia, alifungua kinywa na kilio kikatoka. Walimketisha mkekani. Walimnyoa nywele. Usiku na mchana walikaa naye, wakapika, wakamsimulia Magesa alivyokuwa akidanganya watoto wao kwamba ng'ombe wake wanajua kuhesabu.

Alinanuswe alikula wali kwa siku mbili, akapokea oda tatu za misalaba na moja ya Lazaro, akarudi Iyunga.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, Mbuke aliamka asubuhi akasikia mijeledi shambani. Seni alikuwa ameshafunga ng'ombe wanne kwenye plau na alikuwa amekwisha kukata mistari sita, ardhi nyeusi imegeuka nyuma yake. Hakuja mlangoni. Hakuwa amekuja mlangoni tangu mazishi, na Mbuke hakuwa amemwita. Aliwasha moto, akakoroga uji wa mtama, akaujaza kwenye kata. Akatoka nao, akatembea juu ya udongo uliolimwa mpaka mwisho wa mstari, akauweka chini pale Seni alipokuwa akigeuzia plau, akarudi kuchukua jembe lake, maana kwenye kona ambako ng'ombe hawakuweza kugeuka palihitaji mkono wa mtu.